Mpaka Mama Ampishe Babu

Tukuyu,
11 Februari 1996

Kwako Kaka Asajile,

Shikamoo. Nadhani huko Dar mnalalamika joto. Sisi huku mvua haijakatika tangu Krismasi, nguo hazikauki, sare yangu naivaa mbichi na inanikaukia mwilini darasani. Ng'ombe mwenye baka amezaa dume. Babu hajambo, magoti tu. Mimi nimeingia kidato cha tatu. Mwalimu akiniuliza kwa Kiingereza jibu ninalo ila halitoki. Kwa Kiswahili nako halitoki, kwa hiyo usidhani ni lugha.

Barua hii nampa Mzee Sadalla wa duka la Msasani ya hapa Tukuyu, anakuja huko kufuata mzigo. Nimeigundisha kwa ugali. Ukiona imefunguliwa, ni mende.

Sasa jambo lenyewe. Mama anaumwa. Sio malaria.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Baba mkubwa Meshaki na wazee wengine walikuwa uwanjani kwa babu, wamekaa kwenye benchi. Mama akaja kwa njia ya mgombani, kichwa wazi, hana hata kanga begani, akapita katikati ya wanaume na kukaa kwenye benchi, pembeni ya babu. Wamegusana mabega. Akamwambia, "Ambindwile, mbona hunisalimii?"

Alimtaja jina, kaka. Wewe unakumbuka alivyokuwa. Akisikia tu kikohozi cha babu anaacha njia na kuingia migombani, hata akiwa na ndoo kichwani, anageuza mgongo na kujifunika mpaka baba mkwe wake apite. Tangu aolewe hajawahi kumwona uso. Mimi nilipokuwa mdogo nilidhani mama na babu hawajuani.

Babu alifunika uso kwa kofia akainuka, akaingia ndani. Wazee wakaangalia chini. Mama akabaki kwenye benchi anacheka kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu.

Tangu hapo anaongea na baba kama vile hatukumzika. Anafagia uwanja asubuhi mpaka mchana, mpaka mizizi imetokea. Hali. Kanisani wamekuja kumwombea, akawaitikia vizuri sana, walipoondoka akachukua ufagio. Tulimpeleka hospitali ya Igogwe, wakampa vidonge, na nesi mmoja anaitwa Felista akasema turudi kila mwezi.

Baba mkubwa anasema mwanamke aliyemtaja mkwewe jina usoni hawezi kuendelea kukaa kwenye mji wa mkwewe. Mwezi wa nane ukoo utakaa kikao ili arudishwe kwao Matwebe. Mimi nitabaki kwa baba mkubwa, maana mimi ni mtoto wa ukoo huu. Amesema hivyo huku anakula, kwa upole kabisa.

Nataka nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Mama alipokaa pale kwenye benchi, mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Sikuona aibu. Sikuona huruma. Niliangalia kucha zangu, nikaona ni ndefu, nikafikiri nizikate. Mpaka leo niko hivyohivyo. Kamusi ya Kiingereza ina neno moja fupi kwa hali hii. Kwetu nadhani ni ganzi.

Wewe ndiye mtoto wa kiume wa nyumba hii. Tuambie tufanye nini.

Mdogo wako,
Ikupa


Dar es Salaam,
20 Machi 1996

Mdogo wangu Ikupa,

Marahaba. Mzee Sadalla amenipata sokoni Ilala. Amenitania mbele ya washikaji, eti nimekonda kama fito ya uzio. Usiamini, ni joto tu.

Kazi inakwenda. Siku hizi kila kitu kinaingia nchini, mitumba ya Ulaya, redio, dawa, hata juisi ya kopo. Tunafungua belo la mashati alfajiri, ikifika saa nne yale mazuri yameisha. Nimekuwekea sweta moja la kijani. Ndama dume msimuuze haraka.

Habari ya mama nimeisoma. Nakutumia kopo la vidonge vya Kichina kwa mkono wa Mzee Sadalla. Huku pamefunguliwa kliniki ya Wachina, watu wanajaa mpaka barabarani. Wanakushika kifundo cha mkono, wanakuambia toa ulimi, basi, wanajua unachoumwa. Vidonge hivi vinatuliza kichwa. Mpe viwili asubuhi na viwili jioni baada ya chakula. Ni miti shamba mitupu, havina madhara.

Soma kwa bidii. Wasalimie wote.

Kaka yako,
Asajile


Tukuyu,
28 Aprili 1996

Kaka Asajile,

Shikamoo, na ahsante kwa sweta. Linanibana kidogo mikononi ila nalivaa kila siku. Ndama yupo. Mgomba mkubwa wa nyuma ya jiko umeangushwa na upepo pamoja na mkungu wake, tumekula ndizi mpaka tumechoka.

Hukuuliza mama anaendeleaje. Nakuambia hivyohivyo.

Babu ameanza kumtibu. Unajua watu wanamfuata hata kutoka Kyela kwa dawa ya kichwa kinachozunguka. Baba mkubwa aliponguruma, babu alimwambia kwamba mgonjwa ni mgonjwa, hata akiwa mkamwana. Lakini sasa tazama. Hawezi kumwona. Hawezi kumshika mkono wala kumwangalia macho kama anavyowafanyia wengine. Kwa hiyo mimi ndiye njia. Babu anakaa kwake, mama anakaa kwetu, na mimi nakwenda na kurudi mgombani na kibuyu.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni ya kufukiza. Nachemsha majani kwenye chungu, mama anainama, namfunika blanketi, anatoka jasho mpaka kanga inaloa. Hiyo anaipenda. Ndani ya blanketi huwa anaimba tenzi za kanisani kwa sauti ndogo, na akitoka uso wake unakuwa kama wa zamani kwa muda. Ya pili ni mizizi ya kunywa, nyeusi, chungu sana. Ikimaliza kushuka tumboni analala.

Babu ananiuliza. Macho yake yakoje? Mate yanamtoka? Choo? Anaamka mwenyewe? Mimi mtu ambaye mwalimu akinitazama nasahau jina langu. Na nitamwambiaje babu habari za mwili wa mkamwana wake? Kwamba analowanisha mkeka, kwamba ulimi umekuwa mzito? Nasema, "Vizuri, babu. Amelala vizuri." Babu anafurahi, anaongeza mizizi.

Vidonge vya hospitali nampa. Vyako vya Kichina nampa, asubuhi na jioni kama ulivyosema. Maandishi ya kwenye kopo si Kiswahili wala Kiingereza, nimeyaangalia tu. Pamba ya juu ilikuwa imetolewa na kopo halikujaa, nadhani vilimwagika njiani.

Mama hafagii tena. Hamwiti baba tena. Baba mkubwa alipita akasema, "Angalau sasa kuna amani." Ni kweli kuna amani. Namlisha uji, anameza nikimkumbusha.

Kikao ni mwezi wa nane. Bila mtoto wa kiume hakuna wa kumsemea. Njoo, kaka. Nimeandika mara moja tu ila naomba uisome mara nyingi.

Ikupa


Tukuyu,
16 Juni 1996

Kaka,

Shikamoo. Hujajibu. Labda barua yangu iko njiani, labda yako. Baridi imeshika, asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani, huoni zizi. Babu anakusalimu.

Mama alianguka. Nilikuwa shule. Mtoto wa jirani ndiye aliyemkuta kwenye mfereji wa chini ya shamba la chai, maji yanapita juu ya kanga yake, yeye amelala usingizi. Alikuwa amekwenda kuchota maji. Ndoo ilikuwa pembeni imesimama wima, haikumwagika. Hiyo ndoo ndiyo ninayoiota.

Wakambeba kwa machela mpaka barabarani, tukapata gari la majani ya chai. Hospitali Nesi Felista akaniuliza mbele ya watu wote, "Anatumia nini kingine?" Nikaangalia sakafu. Akauliza tena. Nikaangalia sakafu zaidi.

Hakunigombeza. Alinipeleka nyuma, mahali wanapoanika mashuka, akanipa kiti, naye akaanza kukunja bandeji amenipa mgongo. Akasema ana kazi nyingi, ila masikio yake hayana kazi. Basi kaka, niliongea. Sijui ni kwa sababu alikuwa haniangalii. Nilimwambia mizizi, nikamwambia kopo lako, mvuke, mkeka, "vizuri babu". Nilimwambia hata habari ya kucha. Bandeji zilipoisha akazikunjua, akaanza kukunja upya.

Mwishoni akasema, "Sigombani na babu yako. Mimi mwenyewe bibi yangu alinifukiza na nilipona. Ila mwili wa mama yako ni mmoja, na mmemtwisha dawa tatu, zote za kulaza. Na mwenye dawa hata mmoja hajui ya mwenzake."

Wiki iliyofuata alikuja nyumbani. Ni Mnyakyusa kama sisi, hakuna aliyemfundisha namna ya kukaa. Alimweka mama kwenye kigoda nyuma ya ukuta wa jiko, mgongo ukutani. Upande wa huku wa ukuta akakaa babu. Yeye akakaa penye kona, anawaona wote wawili. Akamuuliza mama maswali taratibu. Mama alijibu kwa ule ulimi mzito, neno moja, ananyamaza, neno jingine. Nesi akamuuliza kama anapata haja ndogo bila kujua. Mama akasema ndiyo.

Babu alikuwa anasikia yote. Mikono yake ilikuwa juu ya fimbo. Akasema polepole, "Mjukuu wangu aliniambia analala vizuri."

Nikasema, "Ndiyo, babu."

Akasema, "Ee." Basi. Angenipiga ingekuwa nafuu.

Wakakubaliana. Mizizi ya kunywa basi. Mvuke uendelee, kwa sababu unamfungua. Vidonge vya hospitali daktari amepunguza, na ameongeza kimoja cha kulegeza mwili uliokakamaa. Nesi amesema pia asiachwe ndani, aende na wenzake kupalilia hata kama atasimama tu na jembe. Vyako vya Kichina ameviweka kabatini mpaka ajue ni nini. Ameuliza nani alivipata, na viliandikiwa nani. Nikasema sijui.

Kaka, viliandikiwa nani?

Ikupa


Dar es Salaam,
2 Julai 1996

Mdogo wangu,

Barua zako mbili nimezipata pamoja. Huku salama. Mvua zimeharibu mzigo wa watu wengi ila mimi kidogo tu.

Vile vidonge visirudi nyumbani. Mwambie huyo nesi avitupe. Nilidhani vinasaidia.

Usijilaumu habari ya mama. Wewe ni mtoto.

Kikao nitakuja. Mwambie baba mkubwa asianze bila mimi. Nitakuja na basi la Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa nane.

Shule vipi? Hujaniambia kama hesabu umezielewa.

Asajile


Tukuyu,
25 Agosti 1996

Kaka Asajile,

Shikamoo. Ndama ameachishwa. Hesabu sijazielewa.

Nilikusubiri stendi. Niliona mabasi yote yakishusha watu mpaka makuli wakaanza kunitania, eti mchumba amepata mwingine njiani. Nikarudi nyumbani kwa miguu. Sina la kusema kuhusu hilo.

Kikao kilifanyika. Mimi nilikuwa nakoroga chai. Baba mkubwa alisema maneno yake vizuri, hakumtukana mama. Alisema marehemu ni mdogo wake, na mke wa marehemu ni wake kumtunza, lakini heshima ya baba yao ikishakanyagwa uwanjani mbele ya watu, hata majirani wanakosa pa kuangalia. Alisema mama amefanya hivyo na bado yupo hapahapa. Halafu akauliza, "Mtoto wa kiume wa nyumba hii yuko wapi?"

Niliweka sukari kwenye chai iliyokwisha kuwekwa sukari.

Ndipo babu akasema. Nakuandikia kama alivyosema, kwa Kiswahili. "Aliyenitaja jina si mkamwana wangu. Ni ugonjwa wake. Mkamwana wangu akirudi atanikimbia, kama alivyonikimbia miaka yote. Mpaka hapo haondoki mtu."

Baba mkubwa akauliza, "Na asiporudi?"

Babu akasema mvua za kwanza zikinyesha kabla mama hajampisha njiani, basi wampeleke Matwebe, na yeye mwenyewe atatoa ng'ombe wa kuwashukuru kwao.

Baba mkubwa akacheka. Akasema mimi msomi nitamfundisha mama kupisha, kama kasuku anavyofundishwa salamu. Wazee wakacheka wote. Nikacheka na mimi, maana nilikuwa nimeshika birika na sikujua niweke wapi uso.

Mama ana nafuu. Anakula mwenyewe. Ulimi umerudi. Anakwenda kupalilia na akina mama wa kanisani, anashika mstari wake mpaka mwisho. Mikono inamtetemeka, na kuna siku bado anamwekea baba kiti. Lakini njiani, kaka. Juzi alikutana na babu uso kwa uso mgombani. Babu alikohoa tangu mbali. Mama aliendelea kutembea. Akampita kama anavyopita mti. Babu ndiye aliyeingia migombani, yeye mzee, akageuka na kujifunika kofia.

Na mimi nilifanya kitu. Siku iliyofuata nilisikia kikohozi chake, nikamshika mama mkono nikamvuta pembeni. Alikuja kama ndama, hakuuliza. Nikamgeuza mgongo. Nikamfunika kanga. Babu akapita. Jioni nilipompelekea maziwa alinywa yote kwanza, akanirudishia kikombe. Akasema, "Siku nyingine usimshike."

Hakumwambia mtu. Angetaka, angesema, "Nimeona, amenipisha," yakaisha. Hakusema.

Mimi ndiye niliyeandika insha mwaka jana kwa Kiingereza kwamba desturi hii inamdhalilisha mwanamke, nikapata alama nzuri, mwalimu akaisoma mbele ya darasa. Sasa kila asubuhi naangalia mawingu ya juu ya mlima Rungwe na kuomba mama yangu aone haya.

Kama huji, andika huji.

Ikupa


Dar es Salaam,
29 Septemba 1996

Ikupa,

Siandiki salamu ndefu. Nimeanza barua hii mara nyingi nikachana.

Nilikata tiketi. Nilikaa stendi na begi, na lile basi niliangalia likipakia likaondoka. Wakati kondakta anaita Tukuyu, Tukuyu, nilisikia mama anamwita babu jina. Nyuma ya sikio, hapa. Nikageuka, hakuna mtu. Sio mara ya kwanza. Imeanza tangu matanga ya baba, kabla hata wewe hujaniandikia. Barua yako ya kwanza ilipokuja, lile jina ulilosema mama amelitaja uwanjani, mimi nilikuwa nimeshalisikia kwa sauti yake. Nilikaa chini pale sokoni kwenye mashati ya watu.

Umeuliza vile vidonge viliandikiwa nani. Ni vyangu. Mchina alinishika mkono, akasema nina moto ndani na silali. Ni kweli silali. Mwanzoni vilinisaidia, nikawa nalala mpaka mchana, washikaji wakawa wanafungua belo bila mimi. Baadaye ile sauti ikawa inanikuta hata nikiwa nimelala. Vilivyobaki nilikutumia wewe. Nilitaka mama apate kitu kutoka kwangu, na sikuwa na kingine. Sikujua vitamwangusha.

Ukiniona sasa utajua mara moja. Ndiyo maana siji. Baba mkubwa akiniona atasema ni nyumba ya mama yetu, kwamba ugonjwa umo kwenye damu ya Matwebe, na hapo hata babu hatakuwa na la kumtetea. Bora waseme mtoto wa kiume ni mhuni amepotelea mjini.

Usimwambie baba mkubwa. Mama naye usimwambie.

Unasema umepata ganzi. Mimi ningefurahi kuipata.

Asajile


Tukuyu,
10 Novemba 1996

Kaka yangu Asajile,

Shikamoo. Ng'ombe, shule na mimi, sote tupo. Leo naanza na mama.

Mvua imenyesha jana. Mvua ya kwanza. Nakuandikia yaliyotokea kabla yake.

Tulikuwa tunatoka kukata majani ya ng'ombe, mama mbele na mzigo kichwani, mimi nyuma. Mlima ulikuwa haupo, umefunikwa wote, na upepo umeanza kugeuza majani ya migomba. Kule chini nikasikia kikohozi. Nikaweka mikono yangu nyuma, nikaishikanisha.

Mama alisimama. Nilidhani amechoka. Halafu nikaona shingo yake inajikunja, kama mtu aliyeitwa na mwalimu. Akaingia migombani haraka, mzigo haujatua, akapiga goti, akageuza mgongo, akavuta kanga mpaka ikafunika uso. Mzigo ulikuwa unatetemeka juu ya kichwa chake kwa sababu ya mikono yake, majani yanadondoka.

Babu alifika. Siku zote hupita tu. Safari hii alisimama, akaangalia mbele, njiani, wala si pembeni. Baba mkubwa Meshaki alikuwa nyuma yake amebeba jembe, akaona yote, akahamisha jembe bega lingine.

Babu akaniambia mimi, "Ikupa, mvua inakuja. Mfike nyumbani kabla hamjaloa."

Akapita. Baba mkubwa alipofika usawa wangu akasema kwa chini, "Haya, msomi." Hakuwa anacheka. Ndiyo yaliyokuwa maneno yake yote, na ya Matwebe hajayataja tena.

Mama kutoka migombani akauliza, "Amepita?"

Nikasema bado kidogo. Sijui kwa nini nilisema hivyo, alikuwa ameshapita. Nilitaka tu akae pale kidogo zaidi nimwangalie.

"Amepita?"

"Amepita, mama."

Akainuka, akanigombeza kwamba nimeacha majani yote yamwagike, na mimi kama ng'ombe nimesimama. Alikuwa hajanigombeza tangu Januari.

Sikulia. Lakini leo asubuhi nilikuwa natoboa ndizi kwa kisu kuona kama zimeiva, nikajikata kidole, nikasikia maumivu, mengi, nikakaa jikoni nimekishika kidole kwa muda mrefu kuliko kidonda chenyewe kinavyotaka.

Usidhani amepona kabisa. Nesi Felista amesema vidonge ataendelea navyo, pengine kwa miaka, na mvuke wa babu aendelee nao pia kama unampa raha. Anakwenda Igogwe mwenyewe sasa na akina mama wenzake. Kiti cha baba bado anakiweka siku nyingine. Tunakiacha.

Sasa yako. Ulisema nisimwambie baba mkubwa, nisimwambie mama. Sikuwaambia. Nimemwambia babu.

Safari hii sikusema vizuri. Nilikaa nimempa mgongo, kama nesi na bandeji, nikamwambia yote kama ulivyoandika: sauti, stendi, vidonge, kutolala. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza unakula. Nikasema sijui. Akauliza macho yako yakoje. Nikasema sijui, babu, yuko mbali. Akauliza kama mikono yako inatetemeka. Nikasema sijui.

Nikamwambia unaogopa watu watasema ni damu. Akasema baba mkubwa amwachie yeye. Nikamwambia pia kwamba Nesi Felista yupo, na kwamba safari hii kila dawa itajua ya mwenzake. Akatikisa kichwa kukubali.

Halafu akasema neno ambalo kwa mama, mwaka huu wote, hakuweza kulisema. Nimegeuka nikamwona anavyolisema, ndiyo maana nakuandikia.

Amesema, "Huyo ni mjukuu wangu. Mwambie aje nimwone."

Mdogo wako,
Ikupa